Mwalimu, 6x imetoka wapi?

Mwezi huu safu yetu ya maswali ya hesabu nimeiachia mabano ya aljebra. Barua zilizonifikia zimetoka kwa wanafunzi, kwa wazazi, hata kwa mzee mmoja mstaafu, lakini nilipozipanga mezani nikaona karibu zote zinagonga mlango mmoja: mtu amefungua mabano, amepata jibu, limekatwa, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Ukiishika hiyo, nyingine utazipita bila shida.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu yuko sekondari. Juzi alirudi na daftari la hesabu, ameandika (x + 3)² = x² + 9, jibu limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa x² + 6x + 9, basi. Nikaangalia na mimi, nikaona mtoto hana kosa: kila kilichomo ndani ya mabano kimepewa kipeo chake, ile 2 ndogo ya juu. Akaniuliza, "Mama, hiyo 6x imetoka wapi?" Nikakosa la kumwambia. Naomba unisaidie nimsaidie.

JIBU: Dada yangu, mwanao ameuliza swali ambalo kila mwalimu angefurahi kuulizwa. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa nakata jibu hilohilo, x² + 9, daftari baada ya daftari, na pembeni naandika lililo sahihi, kama alivyoandikiwa mwanao. Wiki inayofuata linarudi vilevile. Siku moja msichana aliyekuwa akikaa dawati la nyuma aliniletea daftari lake mezani, akaweka kidole juu ya wino mwekundu, akasema, "Mwalimu, umeniambia nimekosa, hujaniambia nimekosa wapi." Nikamrudia kanuni niliyokwisha kuisema darasani: mraba wa cha kwanza, mara mbili ya zao lao, mraba wa cha pili. Akaitikia kwa adabu, akarudi kukaa. Mtihani ulipokuja akaandika x² + 9. Tangu siku hiyo sianzi tena na kanuni. Naanza na namba.

Fanya hivi na mwanao leo. Mwambie x iwe 1. Upande wa mabano: 1 na 3 ni 4, mraba wake 16. Upande wa jibu lake: 1 na 9 ni 10. Pungufu ni 6. Sasa x iwe 2: mabano yanatoa 25, jibu lake linatoa 13, pungufu 12. Iwe 3: 36 kwa 18, pungufu 18. Iwe 10: 169 kwa 109, pungufu 60. Andikeni pungufu hizo kwa kufuatana chini ya x zake: 1 ina 6, 2 ina 12, 3 ina 18, 10 ina 60. Kisha nyamaza. Usimwambie kitu. Mpe muda aitazame hiyo safu mpaka aseme mwenyewe kwamba kila mara kinachokosekana ni x mara sita. Hapo 6x haitakuwa tena kitu kilichoandikwa pembeni na mtu mwingine. Ameikuta yeye, kwa namba zake.

Sasa aione. Chukueni karatasi yenye miraba midogo, ile ya kuchorea grafu, mchore mraba mmoja mkubwa wenye visanduku 10 kila upande. Vyote ni 100. Upande wa juu ugaweni sehemu mbili, 7 na 3, na upande wa kushoto vivyo hivyo, 7 na 3. Vuteni mistari miwili kutoka hapo hadi ng'ambo. Mraba mkubwa sasa una vyumba vinne. Mwanao apake rangi kile cha 7 kwa 7, visanduku 49. Apake na kile cha 3 kwa 3 kilicho kwenye kona ya pili, visanduku 9. Hiyo ndiyo x² + 9 yake, x ikiwa 7: visanduku 58. Na vilivyobaki vyeupe? Ni vyumba viwili virefu, kimoja kimelala na kimoja kimesimama, kila kimoja 7 kwa 3, yaani 21. Viwili pamoja ni 42, na 42 ni 6 mara 7. Hiyo ndiyo 6x, dada yangu. Ilikuwa imekaa kwenye karatasi nyeupe, haijapakwa rangi.

Mchoro huu ni wa kale sana. Euclid wa Wagiriki, aliyeandika kiasi cha mwaka 300 KK, aliuweka katika sehemu ya pili ya kazi yake ya jiometria. Hakuwa na x wala kipeo kilichoandikwa juu ya herufi. Alisema tu kwamba mstari ukikatwa popote, mraba wa mstari wote ni miraba ya vipande viwili pamoja na mistatili miwili inayofanywa na vipande hivyo. Mistatili miwili. Ndiyo hiyo watoto wanayoisahau mpaka leo.

Umeniandikia kwamba hata wewe uliona jibu lake liko sahihi, na nataka uelewe kwamba hukufikiri hovyo. Ipo hesabu inayofanana sana na hii ambayo kweli inakubali njia ya mwanao: (3x)² ni 9x². Pale kila kilichomo kinapewa kipeo chake na hakuna kosa, kwa sababu ndani ya mabano vipande vinazidishwa: 3 mara x mara 3 mara x, panga upya upate 3 mara 3 mara x mara x. Kwenye (x + 3)² ndani ya mabano vipande vinajumlishwa, na hapo mlango huo umefungwa. Kwa mwezi mzima mwanao asiruhusiwe kuandika jibu la mabano yenye kipeo cha pili kabla hajaandika mabano hayo mara mbili: (x + 3)(x + 3). Mkono ukizoea kuyaandika mara mbili, jicho litaona kwamba x ya mabano ya kwanza haijakutana na 3 ya mabano ya pili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi naelewa kwamba kila kipande cha mabano haya kizidishwe na kila kipande cha mabano yale. Tatizo langu ni kutekeleza. Kwenye (2x − 5)(3x + 4) nachora mishale, mishale inapishana, mwisho nasahau kipande kimoja au nakosea alama. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iache mishale. Ni mizuri kwa mwalimu anayeelekeza ubaoni, kwa maana mkono wake unatembea na sauti yake. Kwenye daftari inakuwa vurugu tu. Chora jedwali lenye vyumba vinne. Juu andika 2x kwenye safu ya kwanza na −5 kwenye ya pili. Kushoto andika 3x, na chini yake +4. Kisha jaza: 3x mara 2x ni 6x². 3x mara −5 ni −15x. 4 mara 2x ni 8x. 4 mara −5 ni −20. Hakuna chumba kinachosahaulika, maana chumba kitupu kinaonekana.

Angalia jinsi nilivyoandika −5. Sikuandika 5 nikasema alama nitaikumbuka baadaye. Alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba hiyo, na namba inahama na mali yake. Wanafunzi wengi ninaowaona wakikosea alama si kwamba hawajui kuwa hasi mara chanya ni hasi. Wameiacha alama njiani wakati wa kunakili.

Sasa kusanya: 6x² + 8x − 15x − 20, yaani 6x² − 7x − 20. Kabla hujapeleka, weka 10 mahali pa x. Mabano: 20 toa 5 ni 15, 30 jumlisha 4 ni 34, 15 mara 34 ni 510. Jibu lako: 600 toa 70 toa 20, ni 510. Limekubali, umejikagua mwenyewe bila kumngoja mtu.

Na jedwali hilo si geni kwako kama unavyodhani. Shule ya msingi ulizidisha 23 kwa 14. Ulikuwa unazidisha (20 + 3) kwa (10 + 4): 200, 30, 80 na 12, jumla 322. Sasa badala ya 10 weka x: (2x + 3)(x + 4) ni 2x² + 11x + 12. Rudisha 10 mahali pake: 200 na 110 na 12, tena 322. Ni kazi ileile uliyoifanya ukiwa mdogo.

SWALI: Mwalimu, naomba uniambie kama 3x² + 2x ni 5x³. Wenzangu wamegawanyika.

JIBU: Hapana. Weka 10: 3x² + 2x ni 300 na 20, yaani 320, 5x³ ni 5,000. Katika mitajo, yaani semi za namba na herufi kama hii, huunganishwa vipande vya aina moja tu: x² na x², x na x, namba tupu na namba tupu. 3x² + 2x umekwisha kurahisishwa tayari, uache ulivyo. Waambie wenzako wasiione aibu ya kuacha jibu lenye vipande viwili. Hamu ya kutaka jibu liwe kitu kimoja imeharibu karatasi nyingi zilizokuwa safi hadi mstari wa mwisho.

SWALI: Mwalimu, hongera kwa safu hii. Mimi nafundisha masomo ya ziada kwa watoto wachache mtaani kwetu. Kinachowasumbua ni alama ya kutoa mbele ya mabano. Kwa mfano 4x² − (x − 3)². Karibu wote wananiletea 3x² − 6x + 9. Pia kwenye 2(x + 3)² wanaanza kuingiza 2 ndani. MAGAZIJUTO wanaijua kama jina lao, lakini haiwasaidii. Kasoro iko wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, umeweka kidole palepale. MAGAZIJUTO ni nzuri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Lakini itamke polepole, silabi kwa silabi, utaona kipeo hakimo. Mtoto aliyeishika peke yake anapofika kwenye 2(x + 3)² anaona mabano, anaona kuzidisha, na hakuna silabi inayomwambia kwamba ile 2 ndogo ya juu ina haki ya kutangulia. Basi anazidisha kwanza, anapata (2x + 6)², na hesabu inavimba. Mpe x iwe 1: mtajo wenyewe ni 2 mara 16, ni 32. Wa kwake ni mraba wa 8, ni 64. Amezidisha kwa 2 kabla ya mraba, na mraba umeizidisha 2 hiyo mara ya pili. Njia sahihi ni kumaliza mraba kwanza, x² + 6x + 9, ndipo 2 iingie: 2x² + 12x + 18. Mimi darasani nawaambia wazi kwamba baada ya MA kuna kipeo, hakikuandikwa, tukiweke sisi.

Kuna jambo la pili kwenye neno hilo, na hili halisemwi vya kutosha. JU imetangulia TO, watoto wakafahamu kwamba kujumlisha kuna cheo juu ya kutoa. Mpe mtoto wako mmoja 5x² − 2x² + x². Wapo watakaojumlisha 2x² na x² kwanza, wapate 3x², watoe kwenye 5x², wabaki na 2x². Jibu ni 4x². Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja. Mnakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, anayefika kwanza ndiye anayehudumiwa. Kugawanya na kuzidisha vilevile.

Sasa ile alama ya kutoa. Mtoto anafungua (x − 3)² vizuri, anapata x² − 6x + 9, kisha anaandika 4x² − x² − 6x + 9. Alama ya kutoa imegusa kipande cha kwanza tu, wawili wa nyuma wamepita bila kuguswa. Sijui njia bora kuliko kuongeza mstari mmoja wa kazi. Baada ya kufungua, matokeo yarudishwe ndani ya mabano: 4x² − (x² − 6x + 9). Mstari huo wanauona kama usumbufu. Wasimamie wauandike. Ukishauandika unaona kwa macho kwamba kinachotolewa ni mzigo wote, vipande vitatu, na mstari unaofuata kila kipande kinageuza alama yake: 4x² − x² + 6x − 9, yaani 3x² + 6x − 9. Pima kwa 10: 400 toa mraba wa 7, ni 400 toa 49, ni 351. Jibu: 300 na 60 toa 9, ni 351. Lile lao linatoa 249.

Na kwa kuwa tuko hapo, waulize tofauti ya −3² na (−3)². Ya kwanza ni hasi 9, kwa sababu kipeo kinaishika 3 peke yake na alama inakuja baadaye. Ya pili ni chanya 9, kwa sababu mabano yameikabidhi alama kwa kipeo. Mtoto anayeweka −3 mahali pa x bila kuizungushia mabano atakosa swali ambalo aljebra yake yote ilikuwa sahihi. Nimeona hivyo mara nyingi, na inaniuma kila mara, kwa sababu anayepoteza maksi hapo ni mara nyingi yule aliyesoma kwa bidii.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Wewe husema tujaribu jibu kwa namba. Rafiki yangu aliambiwa afungue x(x + 3), akapata 5x. Akajaribu kwa 0, ikakubali. Akajaribu kwa 2, ikakubali tena. Akapeleka, amekatwa. Sasa anasema majaribio ya namba hayana maana. Yupi ni mkweli?

JIBU: Marahaba. Mwambie rafiki yako nimefurahi sana kwamba alijaribu, na kwamba namba mbili alizochagua ndizo mbili pekee duniani ambazo zingeweza kumdanganya. Tuone. Jibu la kweli ni x² + 3x. Yeye aliichukua x² kama 2x, akajumlisha na 3x. Tofauti kati ya jibu la kweli na la kwake ni x² + 3x − 5x, yaani x² − 2x, ambayo ni x(x − 2). Mtajo huo unakuwa sifuri x ikiwa 0 au ikiwa 2, basi. Angeweka 3 angeona mara moja: 3 mara 6 ni 18, na 5 mara 3 ni 15.

Kwa hiyo namba za kupimia zina uchaguzi wake. Sifuri inaua kila kipande chenye x, inabakiza namba tupu peke yake. Hata (x + 3)² na x² + 9 hukubaliana kwenye sifuri. Moja haitofautishi x na x², kwa maana mraba wa 1 ni 1. Mbili haitofautishi x² na 2x. Mimi hupenda 10 kwa sababu vipande vinakaa kila kimoja kwenye nafasi yake, mamia, makumi na mamoja, na hupenda 3 kwa hesabu ya haraka.

Lakini nataka uondoke na jambo zito zaidi, kwa sababu umeuliza swali zito. Mitajo miwili ya kipeo cha pili ikikubaliana kwenye namba tatu tofauti, namba zozote tatu, basi ni mtajo mmoja. Haiwezekani iachane kwingine. Sababu yake ni ileile tuliyoiona kwa rafiki yako: toa mmoja kwenye mwingine, unabaki na mtajo usiozidi kipeo cha pili, na mtajo wa namna hiyo hauwezi kuwa sifuri zaidi ya mara mbili isipokuwa hauna kitu ndani yake kabisa. Mbili zinaweza kukudanganya, kama zilivyomdanganya yeye. Tatu haziwezi. Jaribio la namba halikumwangusha, alibakiza moja.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu mzima niliyerudi kusoma. Sura moja wananiambia nifungue mabano, sura inayofuata wananiambia niyarudishe, nitafute vigawo. Tunajenga na kubomoa. Kwa nini?

JIBU: Ndugu yangu, kwa sababu kila umbo linaonyesha kitu ambacho lingine limekificha. x² + 2x − 15 ni rahisi kuujumlisha na mwenzake, na ukiwekwa sifuri mahali pa x unakupa −15 hapohapo. (x − 3)(x + 5) ni mtajo uleule, lakini huu unakuambia bila kukokotoa kwamba utakuwa sifuri x ikiwa 3 au −5. Mtu anayejua kwenda na kurudi anachagua umbo kulingana na anachokitafuta.

Ngoja nikupe kisa kimoja cha kweli. Katika karne ya 9, Baghdad, mwanahisabati al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho neno al-jabr lililomo katika jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Mojawapo ya hesabu zake, kwa uandishi wetu wa leo, ni x² + 10x = 39. Yeye aliieleza kwa maneno matupu, bila alama hata moja, kisha akachora. Chora naye. Mraba wa x kwa x. Hiyo 10x igawe nusu kwa nusu: mstatili wa x kwa 5 uubandike upande wa kulia, mwingine wa x kwa 5 uubandike chini. Vyote pamoja vina eneo la 39. Lakini umbo halijakamilika, kona moja iko wazi, na kona hiyo ni 5 kwa 5. Ijaze kwa 25. Sasa una mraba kamili wa (x + 5), eneo lake 39 na 25, ni 64. Upande wake ni 8. Basi x ni 3. Hakiki: 9 na 30, ni 39.

Ukirudi kwenye barua ya kwanza ya leo utakuta ni mchoro uleule wa yule mama na mwanawe, vyumba vinne, viwili vyeupe. Kule walikuwa na mraba mzima wakauvunja. Hapa al-Khwarizmi ana vipande vitatu, anautafuta wa nne ili mraba utimie. Asiyejua kwamba (x + 5)² huzaa 10x katikati hawezi kujua kwamba kona inayokosekana ni 25. (Sisi leo tunaongeza jibu la pili, −13, kwa maana mraba wa −8 nao ni 64. Yeye alihesabu urefu wa upande, na upande hauwi hasi.)

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mstaafu, shule niliiacha zamani. Usiku nikikosa usingizi huzidisha namba kichwani. Nimeona jambo. 7 mara 9 ni 63, pungufu moja ya 8 mara 8. 11 mara 13 ni 143, pungufu moja ya 12 mara 12. 19 mara 21 ni 399, pungufu moja ya 20 mara 20. Je, ni hivyo siku zote, au kuna mahali itanikataa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa raha. Ni hivyo siku zote, na haitakukataa hata ukizidisha namba zinazojaza ukurasa.

Namba ya katikati iite n. Jirani yake wa chini ni n − 1, wa juu ni n + 1. Zidisha kila kipande kwa kila kipande: n mara n ni n², n mara 1 ni n, −1 mara n ni −n, −1 mara 1 ni −1. Angalia hao wawili wa katikati, n na −n. Wamekutana wakafutana. Kinachobaki ni n² − 1, ile pungufu moja uliyoikuta gizani. Na sasa unganisha na jibu nililompa kijana hapo juu: pande zote mbili ni mitajo ya kipeo cha pili, nawe umenitajia namba tatu, 8, 12 na 20. Tatu zilitosha. Ulikuwa umekwisha kuithibitisha kabla hujaniandikia.

Ukisogea hatua mbili badala ya moja, pungufu inakuwa 4: 6 mara 10 ni 60, na 8 mara 8 ni 64. Hatua tatu, pungufu 9. Kwa hiyo 97 mara 103, ambayo ni hatua tatu kutoka 100, ni 10,000 toa 9, yaani 9,991, na hukuhitaji kalamu.

Nina nyingine ya kukupa, ya usiku utakaofuata. Chukua namba nne zinazofuatana: 5, 6, 7, 8. Zidisha za pembeni, 5 mara 8, ni 40. Zidisha za katikati, 6 mara 7, ni 42. Jaribu 20, 21, 22, 23: za pembeni 460, za katikati 462. Zimepitana kwa 2 zote. Sasa ya kwanza iite n, ili za pembeni ziwe n(n + 3) na za katikati (n + 1)(n + 2). Fungua mabano ya kila upande, uyaweke majibu moja chini ya lingine, kisha uniandikie hiyo 2 imetoka wapi.